Mgeni wa Kiunoni: Mbawakawa wa Milimita Moja na Nusu Katika Msafara wa Siafu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa biolojia, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kutusikiliza, nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Nimeombwa niseme juu ya mdudu mmoja, yeyote nitakayempenda. Nimemchagua mbawakawa ambaye wengi wetu hatutakutana naye maishani, kwa kuwa makazi yake yako katika misitu ya Kosta Rika, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Hata hivyo, kabla sijashuka jukwaani natumaini mtaona kuwa ana ndugu zake huku kwetu, mmoja wao akiwa ameletwa rasmi kuja kulinda mahindi yetu.

Nianze na siafu, kwa maana bila siafu habari hii haina mlango wa kuingilia. Mimi nimekulia milimani Usambara, na kila mvua za masika zilipochanganya, siku moja usiku tungeamshwa na bibi akisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaokuja wanaweza kumsikia: "Amkeni, siafu." Kuku walifunguliwa bandani wajitafutie njia, mtoto mchanga alibebwa, majivu ya moto yalimwagwa kuzunguka kizingiti, na sisi sote tulihamia kwa jirani mpaka wageni wale wapite. Tuliporudi asubuhi hapakuwa na mende, wala panya, wala kiroboto ndani ya nyumba. Nakumbuka nikichuchumaa kando ya njia yao, mbali kidogo kwa hofu ya taya, nikitazama ule utepe wa rangi ya kahawia unaotiririka kama maji, askari wakiwa wamesimama pande zote mbili na vichwa vimeinuliwa. Niliamini wakati ule kuwa ninatazama mdudu wa aina moja tu. Nimekuja kutambua miaka mingi baadaye kuwa nilikosea, na kwamba kosa hilo hilo wamelifanya watu wengi waliosoma kuliko mimi.

Siafu wetu wa jenasi ya Dorylus wana binamu zao katika Amerika ya Kati na ya Kusini, wa jenasi ya Eciton, ambao kwa mwenendo wao nami nitawaita siafu. Hawa hawajengi kichuguu wala hawachimbi makao ya kudumu. Wakitaka kupumzika hushikana miguu kwa kucha zao, maelfu kwa maelfu, wakafanya kambi ya miili yao wenyewe, na katikati ya kambi hiyo hai wakamweka malkia pamoja na watoto. Mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Theodore Schneirla, aliyeanza kuwachunguza nchini Panama katika miaka ya 1930, ndiye aliyeonyesha kuwa maisha yao yanakwenda kwa zamu mbili zinazofuatana: kwa muda wa kama wiki mbili, wakati mabuu wana njaa na wanadai nyama, kundi lote huhama karibu kila usiku, kisha kwa muda wa kama wiki tatu, mabuu wanapogeuka kuwa mabundo, yaani hatua ya kati kabla ya kuwa siafu kamili, na malkia anapotaga mayai mapya, kundi hutulia mahali pamoja. Naomba mzishike zamu hizi mbili, kwa sababu maisha ya mbawakawa wetu yamepimwa kwa kipimo hicho.

Upande wa Karibi wa Kosta Rika, katika nyanda za chini, kuna kituo cha utafiti kiitwacho La Selva, ambako wanasayansi kutoka nchi mbalimbali hufika kuchunguza msitu wa mvua. Huko ndiko Daniel Kronauer wa Chuo Kikuu cha Rockefeller na Christoph von Beeren, aliyekuwa akishirikiana naye, walikuwa wakikesha usiku na taa za kichwani, wakifuata misafara ya siafu wanaohama. Kazi hiyo haina fahari yoyote. Mtu huinama kwenye majani yaliyolowa, akitazama vitu vidogo vinavyopita kwa kasi, saa baada ya saa. Katika msafara wa spishi iitwayo Eciton mexicanum, baadhi ya siafu walionekana kuwa na kasoro ya ajabu: kila mmoja wao alikuwa kama ana matumbo mawili. Walipokamatwa na kuangaliwa kwa karibu, tumbo la pili lilionekana kuwa na miguu sita na taya, likiachia na kutembea peke yake. Lilikuwa mbawakawa.

Kwa msaada wa Alexey Tishechkin, bingwa wa familia ya mbawakawa hao, na kwa kulinganisha maumbile pamoja na vipande vya DNA, ilithibitika kuwa huyu ni spishi ambayo sayansi haikuwahi kumpa jina. Mwaka 2017 von Beeren na Tishechkin walimtangaza kwa jina la Nymphister kronaueri. Jina la kwanza ni la jenasi iliyokuwapo tangu zamani, na la pili ni heshima kwa Kronauer. Wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi kama si majivuno mdudu kupewa jina la mtu. Mimi sioni hivyo. Kwa desturi ya wataalamu hao mtu hajipi jina mwenyewe, hupewa na wenzake. Kwetu pia mtoto hupewa jina la mtu ambaye ukoo unataka akumbukwe.

Sasa tumtazame mwenyewe. Katika viganja vya wale mlioketi mstari wa mbele nimeweka punje moja moja ya ulezi. Ishikeni kwa uangalifu isidondoke, kwa sababu hapo mna mfano wa karibu sana wa kiumbe ninayemzungumzia. Urefu wake ni takriban milimita 1.5, mwili umeviringana, na rangi ni ya kahawia inayoelekea wekundu, vivyo hivyo kama ulezi. Yumo katika familia ya Histeridae, yenye spishi zaidi ya 4,000 duniani, na wengi wa familia hiyo wana ngozi ngumu ajabu, mabawa mafupi ya juu yasiyofika mwisho wa tumbo, na uwezo wa kukunja miguu na kuibana chini ya mwili wasibakize chochote cha kung'atwa. Ni mdudu aliyejengwa kama kobe, ila akapewa taya za mwindaji.

Taya hizo ndizo fundisho kubwa la habari hii. Mwili wa siafu, kama mnavyojua, una kiuno chembamba kati ya kifua na tumbo, na kwa siafu hawa wa Amerika kiuno hicho kina vifundo viwili vinavyofuatana, mithili ya shanga mbili katika uzi. Kati ya kifundo cha kwanza na cha pili kuna kishingo kidogo, chembamba kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Kundi linapoanza kuhama, mbawakawa huyu hutafuta siafu wa kimo cha wastani, akabana taya zake katika kishingo hicho hicho, akatulia. Siafu anaendelea na safari. Hashikwi mguu, hazibwi macho, hazuiliwi kubeba mzigo. Nimewahi kulinganisha jambo hili na kijana anayedandia daladala kwa kushika mlango, lakini mlinganisho huo haufiki mbali, kwa sababu kijana yule huonekana na konda na abiria wote, ilhali mbawakawa huyu amekaa mahali ambapo tumbo linatarajiwa kuwa, akiwa na umbo la tumbo, rangi ya tumbo, na hata mikwaruzo midogo ya ngozi inayofanana na ile ya tumbo la mwenyeji wake.

Kwa nini adandie, na miguu anayo? Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme kundi limehama mita 100 kwa usiku mmoja. Gawanyeni mita 100 kwa milimita 1.5, mtapata zaidi ya mara 66,000 ya urefu wa mwili wake. Mtu wa kimo cha mita 1.7 akiambiwa atembee umbali wa mara hizo za kimo chake, atakwenda zaidi ya kilomita 110 usiku mmoja, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, katikati ya umati unaokimbia, na kesho usiku aanze tena, kwa wiki mbili mfululizo. Akiachwa nyuma hata mara moja amepoteza nyumba, chakula na wenzake. Wapo wageni wengine wa siafu wenye miguu mirefu ambao hutembea wenyewe ndani ya msafara, na wapo wanaodandia juu ya mizigo au juu ya mabuu wanaobebwa. Huyu amechagua kiuno, na kwa kadiri nijuavyo mimi hakuna njia ya kusafiri iliyo safi kuliko hiyo.

Jambo la pili la kujiuliza ni la kufanana. Siafu wa Eciton karibu ni vipofu. Ulimwengu wao ni wa harufu na wa kugusa, nao humtambua ndugu wa kundi kwa kumpapasa na kunusa mafuta membamba yaliyoko juu ya ngozi. Ikiwa mwenye nyumba haoni, kwa nini mgeni avae nguo za rangi ileile? Watafiti wametoa dhana mbili. Ya kwanza ni kuwa mavazi hayo yanakusudiwa macho ya wengine, yaani ndege na wanyama wengine wenye kuona, ambao huwaogopa siafu lakini wangemla mbawakawa kwa furaha. Ya pili ni kuwa umbo na mikwaruzo ile ya ngozi ni kwa ajili ya vipapasio vya siafu wenyewe, ili anayepita na kugusa aguse kitu anachokijua na aendelee na safari. Mimi binafsi naona dhana hizi mbili zinaweza kukaa pamoja, kwani rangi haipapaswi na mikwaruzo ya ngozi haionekani kutoka juu ya mti, na mbawakawa huyu anavyo vyote viwili.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kambi ya siafu wapo wageni wasiopewa jembe kamwe. Wengi wao hula mabaki ya mawindo, na baadhi hula mayai na mabuu wa wenyeji wao, na hapo ndipo ile methali nyingine ya kikulacho ki nguoni mwako inapopata maana ya wazi kabisa. Carl Rettenmeyer, Mmarekani aliyeutumia umri wake kuwahesabu wageni hao, aliacha orodha iliyochapishwa mwaka 2011 baada ya kufariki kwake, ikionyesha kuwa spishi moja tu ya siafu, Eciton burchellii, inafuatana na zaidi ya spishi 300 za viumbe wengine, kuanzia utitiri hadi ndege. Zaidi ya spishi 300 zinazomtegemea mwenyeji mmoja! Mtu anayesema "siafu" kwa neno moja ametaja kijiji kizima chenye wapangaji, wezi, wazoaji wa taka na wapitanjia.

Lakini mbawakawa wa La Selva hakupatikana kwa mwenyeji yeyote tu. Watafiti walichunguza makundi ya spishi sita za Eciton zinazoishi katika msitu huo huo, wakati mwingine zikipita njia zilezile, na Nymphister kronaueri alionekana kwa Eciton mexicanum peke yake. Ufunguo wake unafungua kufuli moja. Umbo la taya limelingana na kiuno hicho, ngozi imelingana na tumbo hilo, na maisha yake yamelingana na zamu za kuhama za kundi hilo. Kundi la siafu linahitaji eneo kubwa la msitu ili lipate mawindo ya kutosha, na msitu ukikatwakatwa vipande vidogo siafu hutoweka mapema kuliko wadudu wengi. Siku wenyeji watakapotoweka mahali fulani, mgeni wao atakuwa ametoweka usiku uleule, bila mtu kuandika popote.

Mwaka jana nilipotoa mfano huu darasani, mzee mmoja wa kamati ya shule aliyekuwa amekaa nyuma aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, huyu mdudu wako analiwa, au anatibu?" Swali lile lilikuwa la haki, kwa maana wazazi wale wanauza mahindi ili watoto wasome. Nilimjibu kwa habari ya dumuzi, nami nitairudia hapa.

Dumuzi, ambaye wakulima wetu wengi humwita Skania, kama lile lori, ni mbawakawa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alitambuliwa nchini kwetu mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akageuza mahindi na makopa ya mihogo kuwa unga ndani ya miezi michache, na kufikia mwaka 1983 alikwisha kuvuka mpaka na kuonekana Taveta, Kenya. Watu wa rika langu wanakumbuka kilindo kinachofunguliwa na kutoa vumbi mahali pa chakula. Huko alikotoka, dumuzi hakuwa balaa la namna hiyo, na wanasayansi walipokwenda kuuliza sababu waligundua kuwa anaye mwindaji wake, mbawakawa mdogo aitwaye Teretrius nigrescens, anayekula mayai na mabuu wa dumuzi. Mwindaji huyo ni wa familia ya Histeridae. Ni familia ileile ya huyu mdandiaji wa kiunoni.

Tena sikilizeni jinsi anavyompata dumuzi. Dumuzi dume akishapata punje nzuri hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na mwindaji husikiza mwito huo usiokuwa wake, akaufuata hadi ndani ya ghala. Ni tabia ya jamaa hao: kuijua harufu ya mwingine kuliko mwenyewe anavyojijua. Mbawakawa huyo alipelekwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na baadaye akaletwa nchini mwetu na katika nchi nyingine za Afrika. Hakulimaliza tatizo, na mkulima bado anahitaji kukausha vizuri na kuhifadhi vizuri, lakini alipunguza idadi ya dumuzi waliokuwa wakizaliana porini na kurudi maghalani. Kazi hiyo yote isingeanza kama wasingekuwapo watu waliokaa miaka mingi makumbushoni wakizitofautisha spishi zile kwa kuhesabu mistari ya mgongoni, huku wakiulizwa kila siku kama wadudu wao wanaliwa au wanatibu. Yule mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaomba aone picha ya huyo anayemla Skania.

Narudi kwa siafu wetu. Mwaka huohuo wa 2017, Munetoshi Maruyama wa Japani na Joseph Parker wa Marekani walichapisha utafiti juu ya familia nyingine ya mbawakawa, wenye mabawa mafupi na mwili mrefu, ambao baadhi yao wamekuja kufanana na siafu kwa kiuno, miguu na mwendo. Walionyesha kuwa mabadiliko hayo yametokea si chini ya mara 12, kila mara kwa ukoo wake, Amerika, Asia na hapa Afrika. Misafara ya Dorylus, ile iliyomfanya bibi yangu amwage majivu, ina wageni wa namna hiyo. Mimi niliyechuchumaa kando ya njia nikiwa mtoto nilikuwa nimewatazama bila kuwaona, kwa kuwa sikuwahi kumfuata kwa macho siafu mmoja mmoja. Nilitazama mto, sikutazama matone.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, siafu watakapopita karibu na shule zenu msimu huu, naomba msiwamwagie mafuta ya taa upesi. Waacheni wanafunzi wavae viatu vya mpira, wakae mita moja kutoka kwenye njia, wachague sehemu moja ya mstari iliyonyooka, labda juu ya jiwe jeupe au kipande cha ubao, na watazame hapo tu kwa nusu saa. Wasitafute kitu cha ajabu. Watafute kinachokwenda kwa mdundo tofauti: kinachosita askari anapogeuka, kinachopinda mkia juu, kinachong'aa taa inapokipiga kutoka pembeni. Wakikipata, wakichukue kwa brashi laini iliyolowanishwa, wakitie katika kichupa chenye spiriti, na waandike tarehe, mahali, saa, na aina ya siafu aliokuwa nao, kwa sababu mdudu asiye na maandishi hayo hana faida kwa mtafiti yeyote.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwezi wa Aprili mwaka juzi, nyuma ya nyumba aliyoishi bibi, nikiwa na tochi ya simu na brashi niliyoiazima kwa binti yangu. Nilikaa dakika arobaini bila kuona chochote ila siafu. Kisha akapita mmoja mdogo, mwekundu kidogo, mkia wake umepinda juu kama wa nge, akikimbia katikati ya mstari. Askari mmoja akamgusa kwa vipapasio vyake viwili, akamwachia, naye akaendelea. Kichupa chake kiko hapa mezani, karibu na mtungi wa maji. Spishi yake nimeacha ithibitishwe na wenye ujuzi huo. Lenzi ziko mbili tu, kwa hiyo naomba wanafunzi watangulie, wazee tufuate, na yeyote atakayekishika kichupa akiinamishe polepole kuelekea dirishani, ili mwanga uingie kutoka upande wa mgongo.